Farasi anayekimbia nguruwe

Unashangaa farasi wako hajali lori likipita, ila akinusa nguruwe au kuona mfuko wa plastiki ukipeperuka anaruka pembeni. Si kichaa huyo. Farasi ni windo: macho yake yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Kinachochomoka ghafla hukimbiwa kwanza, maswali baadaye. Na nguruwe ananuka na kukoroma hata asipoonekana!

Usimchape, ataamini kweli nguruwe huleta maumivu. Legeza hatamu, mwache ainue kichwa atazame kwa mbali. Masikio yakilegea na akishusha shingo, msogeze hatua chache, kisha mrudishe kabla hajashtuka. Mfuko ufunge imara uani, kisha msogeze farasi karibu nao kidogo kidogo.