Re: Nasali lakini moyo umekauka

Pole sana ndugu, hiyo hali ya kusali huku moyo mkavu wala sio dalili kwamba imani imekufa, mtu asiyejali hata asingeuliza. Ila umesema ukiamka tu unashika simu, sasa hapo ndo pa kuanzia, simu ilale chumba kingine alafu dakika za kwanza soma Zaburi ya 13, ni fupi mno, mistari 6 tu, na Daudi anaanza kwa kumlalamikia Mungu kabisa kwamba amemsahau, kwahiyo na wewe mwambie ulivyo usihangaike na maneno mazuri. Usiku jiulize leo nilikasirika wapi na kwanini, linauma hilo swali aisee. Ukiruka siku usijihukumu, kesho yake endelea.