Mwezi wangu uko Mula, ndo kusema nitammaliza baba mkwe?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni binti wa miaka 28, mchumba wangu anatoka familia ya Kihindu, tuko pamoja mwaka wa tatu sasa na wazazi wake walikuwa wananipenda vizuri tu mpaka mama yake alipoomba tarehe na saa niliyozaliwa akampelekea mnajimu wao wa India. Majibu yamerudi kwamba mwezi wangu uko kwenye nyota inaitwa Mula, na mwanamke wa Mula akiingia kwenye nyumba baba mkwe hakai. Tangu siku hiyo simu zimepungua. Nimeingia mtandaoni kusoma, nakuta watu wa Mula ni wakaidi, wanang'oa kila wanachoshika, na kusema ukweli kuna vitu najiona mwenyewe, nahoji sana na nimeshaacha kazi mbili ghafla. Naogopa isije ikawa kweli.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichoniuma zaidi ni ile sentensi ya mwisho, maana woga wa mama mkwe ni jambo moja lakini wewe kuanza kujiogopa mwenyewe ni jambo lingine kabisa.

Tuanze na Mula yenyewe. Wanajimu wa India wanaigawa njia ya mwezi vituo 27, wanaviita nakshatra, kila kimoja digrii 13 na dakika 20, na mwezi unakaa kituo kimoja kama siku moja hivi; kile ulichokuwemo saa unazaliwa ndo wanakiita nyota yako. Mula ni cha 19, kinaanzia pale Mshale unapoanza, na nyota zake ukiangalia angani ni ule mkia wa Nge. Neno lenyewe kwa Kisanskriti maana yake ni mzizi, na alama yake ni kitita cha mizizi iliyofungwa pamoja. Kwa hiyo sifa kubwa ya mtu wa Mula kwa mujibu wa elimu hiyo ni kuchimba, yaani haridhiki na jibu la juujuu, ukimwambia kitu atauliza kwa nini, ukimjibu atauliza na hiyo kwa nini, mpaka afike chini kabisa. Ndo maana wanasema inafaa sana kwa watafiti, waganga wa mitishamba, wapelelezi, watu wa falsafa. Hiyo tabia yako ya kuhoji wala usiionee aibu, kwao ndiyo sifa inayotajwa kwanza.

Sasa huu uharibifu umetoka wapi? Kila nakshatra ina mungu wake na wa Mula ni Nirriti, mungu mke wa kuoza na kuporomoka kwa vitu, na kwenye Rigveda, kitabu chao cha kale cha nyimbo za dini, wanamuomba zaidi aondoke kuliko aje. Mtawala wake ni Ketu, ambaye sio sayari bali ni moja ya zile sehemu mbili njia ya mwezi inapokatana na njia ya jua, na kazi yake kwa wanajimu ni kukata na kuachilia. Ukiweka Nirriti na Ketu pamoja unapata picha ya mtu anayeweza kuamka siku moja akaacha kazi, akaacha mji, akaanza upya, na watu wakabaki wanashangaa. Lakini wengi husahau kwamba kituo chote kiko ndani ya Mshale, nyumba ya Mushtari, sayari ya elimu na imani, kwa hiyo mzizi unang'olewa ili kitu kichunguzwe, magugu yatoke. Mi nadhani hapo ndo wasomaji wengi wa mtandaoni wanapotea, wanachukua nusu ya picha, ile inayotisha.

Na hiyo habari ya baba mkwe ipo kweli kwenye mapokeo, sikufichi, na haiko peke yake, Ashlesha inasemwa kwa mama mkwe, Jyeshtha kwa shemeji mkubwa. Kwa Kitamil, lugha ya kusini mwa India, kuna msemo kabisa kwamba mwanaume wa Mula hutawala na mwanamke wa Mula huangamiza, ila wapo wanajimu hukohuko wanaosema msemo umepotoshwa, asili yake haikutaja mwanaume wala mwanamke, ilitaja mwezi wa Kitamil unaoitwa Ani, masikio ya watu yakasikia kingine. Fikiria mabinti wangapi wamekataliwa kwa neno lililosikiwa vibaya! Hilo linanikera na sitajifanya halinikeri.

Halafu nenda ukaangalie hawahawa Wahindu wanaitukuzaje nyota hiyohiyo. Huko Tamil Nadu wanaadhimisha kuzaliwa kwa Hanuman chini ya Mula, mungu wao mwenye umbo la nyani, ambaye ni mfano wa utii na nguvu. Kwenye Navaratri, sikukuu yao ya siku tisa, siku ya Mula ndo wanamkaribisha Saraswati, mungu mke wa elimu, na watoto wanaombewa masomo. Na Tulsidas, yule mshairi aliyeanza kuandika Ramcharitmanas, utenzi wa maisha ya mungu Rama, mwaka 1574 kule Ayodhya, masimulizi yanasema alitupwa na wazazi wake akiwa mchanga kwa sababu alizaliwa saa mbaya ya Mula, na mpaka leo mamilioni wanasoma kazi yake. Mama mkwe wako hayo anayajua kuliko mimi, mwambie mchumba wako amkumbushe kwa adabu.

Jambo la kufanya: muulizeni mnajimu ni robo ipi. Kila kituo kina robo nne, na kwa hesabu ya zamani robo ya kwanza ndo inahusishwa na shida kwa baba, ya pili mama, ya tatu mali, na ya nne inahesabiwa njema. Robo moja mwezi unaipita kwa kama saa sita, kwa hiyo kama saa yako ya kuzaliwa ni ya kukisia, mambo yote hayo yanayumba. Mapokeo hayohayo yana ibada ya shanti ya kutuliza nyota, kwa mtoto hufanywa siku ya 27 mwezi unaporudi palepale, na kwa mtu mzima familia nyingi hukubali kuifanya kabla ya harusi. Kama itampa mama amani na wewe haikugusi imani yako, jadilianeni.

Na kwa moyo wangu wote nikwambie, hakuna mwezi unaoua baba mkwe. Mimi napenda elimu hii kama lugha ya kuelezea tabia, nimeisoma miaka mingi, lakini ilipopimwa India na mwanasayansi Jayant Narlikar na wenzake, matokeo wakayatoa 2009, wanajimu 27 walipewa kila mmoja chati 40 za watoto waseme nani ana akili nyingi darasani na nani ana ulemavu wa akili, wakapatia chini kidogo ya nusu, ni sawa na kurusha sarafu. Sasa kama chati haikuweza kuonyesha hilo, itaonyeshaje siku ya mzee wa watu kufariki? Mwenye kazi kubwa hapa ni mchumba wako. Akae na wazazi wake yeye mwenyewe, asikuache wewe ujitetee, na namna atakavyosimama hapo itakueleza mengi kuhusu ndoa yenyewe kuliko nyota zote 27.

SWALI: Habari za kazi anti. Apu moja inaniambia mwezi wangu uko Mbuzi, nyingine ya Kihindi inasema Mshale, Mula. Ipi inadanganya?

JIBU: Salama kaka. Hakuna inayodanganya, zinaanza kuhesabu sehemu tofauti. Wamagharibi wanaanzia pale jua lilipo machipuko yanapoanza kaskazini ya dunia, Wahindi wanaanzia kwenye nyota zenyewe, na kwa kuwa mhimili wa dunia unayumba polepole hizo sehemu mbili zimeachana kwa takriban digrii 24 sasa. Mula ya Kihindi inaangukia mwisho wa Mshale wa Magharibi na zile digrii saba za mwanzo za Mbuzi, basi wewe uko hapo. Ukisoma sifa za Mula tumia hesabu ya Kihindi tu, usichanganye, maana ukichanganya utapata mtu ambaye hayupo.

SWALI: Anti shikamoo, mwanangu wa miaka mitano ni wa Mula, ananiuliza maswali mpaka nachoka na vitu vya kuchezea anavifungua vyote kuona ndani kuna nini. Ni nyota au ni utundu?

JIBU: Marahaba mama. Miaka mitano karibu wote wanafungua! Ila mwanajimu angekwambia maisha yamegawanywa vipindi, na mtoto wa Mula anaanza kwenye kipindi cha Ketu, kisichozidi miaka saba na mara nyingi ni pungufu kutegemea mwezi ulikuwa umefika wapi, kisha anaingia miaka 20 ya Zuhura, sayari ya raha na urafiki, kwa hiyo wanatarajia miaka ya mwanzoni mtoto awe wa ajabuajabu kidogo, mkimya ghafla, mwenye maswali mazito kama ya mzee. Sikushauri umwambie kwamba ana nyota ya hivi au vile, kuna watu wazima wananiandikia bado wamebeba neno waliloambiwa utotoni. Mpe vitu vilivyoharibika avifungue kwa uhuru, redio mbovu, saa iliyokufa, toa betri kwanza na angalia visiwe na ncha kali, na akikuuliza kitu hujui mwambie tukatafute wote.