Maswali na Majibu: Kukodi Yoti na Kuzunguka Visiwa vya Shelisheli

Makala yetu iliyopita, iliyoeleza namna ya kukodi yoti ya kifahari na kuitembelea Shelisheli kisiwa baada ya kisiwa, imeleta maswali mengi kutoka Arusha na Moshi. Baadhi yametoka kwa watu wanaopanga kwenda wenyewe, na mengine kwa wenye kampuni za utalii ambao wageni wao, wakishashuka Kilimanjaro au kutoka Serengeti, huulizia bahari. Nimeyajibu yale yanayogusa watu wengi.

Nina wageni sita wanaosherehekea miaka ya ndoa. Tangazo linasema yoti yenye nahodha na wahudumu ni dola 20,000 kwa wiki. Je, hiyo ndiyo bei yote? (Njiro, Arusha)

Mara nyingi siyo. Kiasi kinachotangazwa kwa kawaida hulipia chombo chenyewe, mishahara ya mabaharia na bima ya chombo, na pale panapoandikwa kwamba kila kitu kimo, mkataba ndio unaopaswa kutaja hicho kila kitu ni nini. Kwa yoti kubwa zenye mabaharia, mteja huweka kabla ya safari fungu la matumizi, aghalabu kati ya asilimia 20 na 35 ya gharama ya kukodi, ambalo nahodha hulitumia kununua mafuta, chakula na vinywaji, na kulipia bandari na hifadhi za bahari, huku akitunza risiti. Kinachobaki hurudishwa, na fungu likipelea mteja huongeza. Juu yake kuna bakshishi ya mabaharia, ambayo desturi huiweka kati ya asilimia 5 na 15. Kwa mfano wako, tukichukua asilimia 30 za matumizi na asilimia 10 za bakshishi, waambie wageni wajiandae kwa dola 28,000, kabla ya kodi za serikali na nauli za ndege. Yoti ya injini hula mafuta kuliko ya matanga, na tofauti hiyo huonekana kwenye fungu la matumizi wala si kwenye tangazo.

Kabla ya kutuma hata shilingi, uliza nani anashikilia fedha hadi siku ya kuanza safari, kiasi gani hurejeshwa safari ikiahirishwa, na chombo kikiharibika mtapewa kipi badala yake. Kwa maoni yangu, wakala anayesita kukuonyesha mkataba kabla ya malipo hastahili kupewa mteja wako, hata kama picha zake ni nzuri namna gani. Ukikutana na bei ndogo mno, angalia kama ni ya chombo kitupu kisicho na nahodha. Hapo mteja hulazimika kuonyesha cheti cha unahodha, na huweka dhamana kubwa kwa ajili ya uharibifu.

Likizo ya watoto ni Juni na Desemba, na mke wangu hulewa bahari hata kwenye boti ya Unguja. Twende lini? (Shanty Town, Moshi)

Ndugu yangu, pepo za Shelisheli ni zilezile za pwani yetu, ila kaskazi ikishavuka ikweta hupinda, na huko huvuma kutoka kaskazini-magharibi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Mei hadi Oktoba hivi, hukazana Julai na Agosti, na huchafua bahari katika njia ya wazi ya takriban kilomita 45 kati ya kisiwa kikuu cha Mahé na kisiwa cha Praslin. Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi Machi, ikiwa na upepo hafifu zaidi, joto na mvua nyingi, hasa Desemba na Januari. Kati ya pepo hizo kuna malelezi, yaani Aprili na kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Novemba, ambapo bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kwa mtu anayelewa bahari, huo ndio wakati wenyewe, na kama shule itawaruhusu watoto wiki moja ya Aprili, ningeichukua bila kusita.

Mkilazimika kwenda Juni, kodini katamarani, kwa kuwa matumbo yake mawili huifanya isilale upande kama chombo cha tumbo moja. Mwombeni nahodha avuke asubuhi, kisha alale nanga upande uliokingwa na kusi, kama Beau Vallon ya Mahé au Anse Lazio ya Praslin. Pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa cha La Digue msiiogee miezi hiyo, maana ufukwe wake wa Grand Anse huvutia kwa macho lakini mikondo yake ni ya hatari. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kung'oa nanga. Mkisubiri tumbo lianze kuvuruga, mmechelewa. Kimbunga kisiwatie hofu, kwa sababu visiwa vya ndani, yaani Mahé, Praslin na vya jirani, viko nyuzi 4 hadi 5 tu kusini mwa ikweta, nje ya njia ya kawaida ya vimbunga. Vilivyo mbali kusini ni habari nyingine: mwaka 2016 kimbunga Fantala kiliharibu sana visiwa vya Farquhar.

Ukoo wetu ni watu 18, na tungependa mwaka mmoja Krismasi ifanyike baharini badala ya Marangu. Je, yoti moja itatosha? (Marangu, Moshi)

Haitatosha. Chini ya kanuni za kimataifa, chombo kinachobeba abiria zaidi ya 12 huhesabiwa kuwa meli ya abiria, chenye masharti mazito zaidi ya ujenzi na uokoaji, na ndiyo maana yoti nyingi za kukodi huishia kwenye idadi hiyo. Kodini katamarani mbili zenye vyumba vinne au vitano kila moja, zitembee pamoja na kulala nanga karibu. Wiki ya Krismasi ni ya bei ya juu kuliko nyingi na huisha mapema, kwa hiyo maamuzi ya kikao cha ukoo yafanyike mwaka mzima kabla. Kuwashawishi wazee waiache Marangu mwezi wa Desemba ni kazi nisiyoweza kuwasaidia.

Mgeni wangu anataka kuwaona kobe wa kisiwa cha Aldabra kwa yoti ndani ya wiki moja. Nimwahidi? (Sakina, Arusha)

Usimwahidi. Aldabra iko zaidi ya kilomita 1,000 kusini-magharibi mwa Mahé, na yoti inayokwenda kilomita 15 kwa saa itasafiri takriban siku tatu usiku na mchana kwa kwenda tu. Mahali hapo, palipoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1982, hapaendeki bila kibali cha Seychelles Islands Foundation, taasisi inayopasimamia. Mpeleke kisiwa cha Curieuse, karibu na Praslin, ambako kobe wakubwa wa jamii hiyohiyo hutembea huru, na siku inayofuata mfikishe Vallée de Mai, msitu wa Praslin wenye miti ya jamii ya mnazi, ulioingizwa katika urithi huo mwaka 1983. Akitaka kuona ndege, kisiwa cha Cousin ni hifadhi yao, ila abiria huhamia kwenye boti za hifadhi yenyewe, kwa sababu panya mmoja akishuka kutoka chombo cha mgeni anaweza kuangamiza viota vingi.

Wewe unayeuza safari za mlima utalielewa hili upesi: kama kiongozi wa Kilimanjaro anavyoweza kumrudisha mteja kutoka kambi ya Barafu bila kujali kiasi alicholipa, ndivyo nahodha anavyoweza kubadilisha njia au kukataa kung'oa nanga, na mkataba humlinda. Mweleze mgeni mapema kwamba ratiba iliyochapwa ni pendekezo.

Familia yetu hula halali na hainywi pombe. Tutahudumiwa? (Majengo, Moshi)

Ndiyo, mkisema mapema. Kabla ya safari mtapewa fomu ya chakula na matakwa. Andikeni kwamba nyama iwe ya halali na pombe isinunuliwe kabisa, jambo ambalo pia litapunguza fungu la matumizi.

Mtanzania anahitaji nyaraka gani? (Usa River)

Shelisheli haidai viza, lakini kila msafiri huomba idhini ya kusafiri kwa mtandao kabla ya kuondoka, akionyesha tiketi ya kurudi na mahali atakapolala. Kama mtalala yotini, muwe na nakala ya mkataba. Bebeni pia kadi ya njano ya chanjo, kwa kuwa huulizwa wanaotoka au kupitia nchi zenye homa ya manjano, na njia ya kawaida kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) hupitia Nairobi au Addis Ababa.

Mimi ni mpishi wa safari za kambini. Nitapataje kazi kwenye yoti, na je, niwalipe wanaonitaka dola 400 za kunitafutia nafasi? (Ngaramtoni, Arusha)

Mdogo wangu, upishi wa kambini ni mwanzo mzuri, kwa kuwa jiko la yoti nalo ni dogo na soko liko mbali. Utahitaji mafunzo ya msingi ya usalama wa mabaharia yanayofuata mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia (STCW), ambayo hutolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na wajibu wa baharia chomboni. Utahitaji pia cheti cha afya cha baharia na kitabu cha baharia. Kazi ndani ya Shelisheli huhitaji kibali, na mwajiri ndiye anayekiomba.

Dola 400 usizitoe. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza mawakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Gharama anazoweza kubebeshwa ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na hati ya kusafiria, na hata hizo unaweza kuzilipa mwenyewe moja kwa moja katika ofisi zinazozitoa.