241,038: usiishie kwenye 13,391

Mwalimu, umeuliza 241,038, ile namba inayotajwa sana kuwa eneo la Uganda kwa kilomita za mraba, ni namba ya aina gani. Ukaweka na jibu lako: 2 × 3² × 13,391, vigawo 12, namba ya ziada, yaani vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinaizidi yenyewe. Aina umeipata. Vigawo bado, na kosa hili wanafunzi wa P.7, yaani darasa la saba, hulifanya kila siku.

13,391 si namba tasa, ila inafanana nazo sana: ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 17, kwa hiyo 3 haiigawi. Jaribu 7. Chukua tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, kisha utoe kwenye zilizobaki: 1,339 − 2 = 1,337. Rudia: 133 − 14 = 119, ambayo ni 7 × 17. Basi 7 inaigawa: 13,391 = 7 × 1,913.

Hapo bado. 1,913 nayo ijaribiwe, na mpaka wa kujaribu ni kipeuo chake cha pili. 43² ni 1,849 na 44² ni 1,936, kwa hiyo namba tasa hadi 43 zinatosha. Anza tena na 7, maana kigawo huweza kujirudia. 7 na 13 zote zinabakisha 2, 23 inabakisha 4, 11 inabakisha 10. Malizia 17, 19, 29, 31, 37, 41 na 43. Zote zinaacha baki. Anayechoka akaishia 31 hajathibitisha kitu.

Kwa hiyo 241,038 = 2 × 3² × 7 × 1,913. Kwa idadi ya vigawo, ongeza 1 kwenye kila kipeo, uzidishe: 2 × 3 × 2 × 2 = 24. Jumla ya vigawo hivyo ni (1 + 2) × (1 + 3 + 9) × (1 + 7) × (1 + 1,913), yaani 3 × 13 × 8 × 1,914 = 597,168. Toa namba yenyewe, inabaki 356,130.

Sasa, mbona aina ulipata sawa na vigawo si sawa? Kwa sababu ya 6. Nusu, theluthi na sudusi ya namba hii ni 120,519 + 80,346 + 40,173, na jumla yake ni 241,038 kamili; hapo hata 1 hujaihesabu. Kigawe chochote cha 6 kinachozidi 6 ni namba ya ziada, hata ukikosea sehemu iliyobaki. Basi usitumie aina kuhakiki vigawo. Zidisha vigawo tasa vyote upya, na kila kimoja ukipitishe kwenye mpaka wa kipeuo.

Tarakimu za 241,038 zinajumlika kuwa 18, na 18 inaigawa bila baki. Namba za namna hiyo Kaprekar wa India aliziita Harshad.

Ila sifa hizi ni za namba, si za nchi. Eneo hilohilo kwa maili za mraba ni kama 93,065, yaani 5 × 7 × 2,659. Vigawo vyake vidogo vinajumlika kuwa 34,615 tu: kwa maili, Uganda ina namba pungufu.