Siagi ya malai ya nyumbani: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi tulizopokea zinauliza namna ya kupata siagi nyumbani bila gharama kubwa. Tumechagua tano. Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe: siagi tunayoizungumzia hapa ni ya malai, yaani mafuta ya maziwa yanayopanda juu. Mikebe mingi ya kupaka mkate ambayo watu huiita siagi ina majarini, na hiyo hutokana na mafuta ya mimea.

Nilinunua paketi sita za nusu lita, yale maziwa yanayokaa kabatini miezi bila friji. Nimeyasukasuka ndani ya chupa saa nzima, sikupata hata punje. Nimekosea wapi? – Msomaji, Morogoro

Mkono wako haukukosea, maziwa ndiyo hayafai. Kiwandani maziwa hayo husukumwa kwa nguvu kubwa kupitia upenyo mwembamba sana, vitone vya mafuta vikapasuka na kuwa vidogo kiasi cha kushindwa kupanda juu wala kushikana. Ungesuka hadi kesho usipate kitu. Maziwa mengi ya paketi ya kawaida nayo hupitia njia hiyo. Kabla ya kununua mengi, pima kidogo: yajaze kwenye glasi ya kioo, yaache ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi ukiona mstari wa malai umejitenga juu, hayo yanatoa siagi. Yasipojitenga, yanywe na chai.

Dada zangu, hamjambo? Kila siku nanunua lita moja ya maziwa mabichi kwa ajili ya chai na watoto. Naweza kupata siagi humo humo bila kuongeza matumizi? – Mama wa watoto watatu, Arusha

Hatujambo, dada. Unaweza, na hii ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote, maana kununua maziwa kwa siagi peke yake hakulipi. Piga hesabu. Maziwa yenye mafuta asilimia 4 yana kama gramu 400 za mafuta katika lita 10. Kijiko hakiwezi kuengua yote, hukamata kama nusu, kwa hiyo tarajia gramu 200 hadi 250 za siagi. Lita ikiwa shilingi 2,000, robo kilo hiyo imekula shilingi 20,000 za maziwa. Lakini kama maziwa yenyewe mmeyanywa, siagi imekugharimu chumvi na barafu tu.

Chemsha maziwa kama kawaida. Yakipanda, punguza moto, yaache yachemke taratibu dakika 5. Usiruke hatua hii, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa brusela na vya kifua kikuu. Epua, funika kwa chujio au kawa ili mvuke utoke, kisha yakipoa yaingize kwenye friji kwa muda wa saa 8 hadi 12 bila kuyatikisa. Asubuhi pitisha kijiko bapa pembeni mwa sufuria, utando wa malai unanyanyuka kama kitambaa. Uweke kwenye kopo lenye kifuniko ndani ya friza. Ndani ya friji ya kawaida usipitishe siku 4, utaanza kuwa mchungu.

Kopo likifika vikombe vitatu au vinne, liyeyushe ndani ya friji usiku mmoja. Kisha litoe lipate joto la chumba, koroga kijiko kikubwa kimoja cha mtindi kwa kila vikombe viwili vya malai, uache kwa muda wa saa 8 hadi 12. Malai yaliyochachuka kidogo hushikana upesi na siagi yake hunukia. Yarudishe kwenye friji kwa muda wa saa 3.

Sasa tia kwenye chupa ya mdomo mpana, isipite nusu, maana malai yanahitaji nafasi ya kugonga. Sukasuka na usikilize. Mwanzo utasikia maji yakichapa. Baadaye sauti inakufa, malai yamevimba na kuganda ukutani mwa chupa. Wengi hukata tamaa hapo, wakati ni dakika chache tu zimebaki. Ghafla sauti ya maji inarudi, na ndani unaona punje za manjano. Zikifikia ukubwa wa punje za mahindi, acha. Ukiendelea, zinakuwa bonge moja lililofungia ndani mtindi, yaani majimaji yanayobaki siagi ikishajitenga. Kazi nzima ni dakika 10 hadi 20.

Jambo moja la kuzingatia: mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe maziwa yaliyoenguliwa. Mtolee yake kabla hujaengua.

Hapa Dar malai yangu hugeuka povu, halafu uji wa mafuta usioshikika. Wifi yangu aliyeko Njombe anasema yeye husuka hadi mkono unakufa ganzi, malai bado ni malai. Mbona? – Msomaji, Temeke

Tatizo lenu ni moja, joto, ila wewe limekuzidi na wifi limempungukia. Ili punje zishikane, sehemu ya mafuta iwe imeganda na sehemu iwe laini. Kwa malai, hali hiyo huwa kati ya nyuzi 10 na 14. Katika joto la 30 la Dar, mafuta yamelainika mno, nayo yanapakaa badala ya kushikana. Baridi ya asubuhi ya Juni huko Njombe inayafanya magumu kama changarawe, yanagongana na kuachana.

Wewe poza na malai na chupa, suka alfajiri, na kila dakika 5 izamishe chupa kwenye beseni la maji ya barafu. Ukitumia blenda, piga kwa kukatiza sekunde 10 kisha pumzika, na ongeza nusu kikombe cha maji ya barafu, kwa sababu mota yenyewe hupasha joto. Kama imeshakuwa uji, usiitupe: iweke kwenye friji kwa muda wa saa 2, anza upya. Wifi naye aisimamishe chupa kwenye maji ya uvuguvugu dakika 3 hadi 5, kisha aendelee. Asitumie maji ya moto, atayeyusha mafuta.

Msiokuwa na kipimajoto, toeni malai kwenye friji, yakae mezani kama robo saa, ndipo muanze.

Siagi yangu inanuka siku ya tatu hata nikiiweka kwenye friji. Chumvi natia nyingi. – Msomaji, Mwanza

Kinachonuka ni mtindi uliobaki ndani, na chumvi haiwezi kufidia uoshaji. Mimina mtindi wote kupitia chujio, kisha tia maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi yawe baridi sana, kiasi sawa na mtindi uliotoka. Geuza kwa mwiko, mwaga, rudia mara mbili au tatu hadi maji yatoke maangavu kabisa, yaani unaona mkono wako kupitia kwake. Siagi ya malai ya maziwa yaliyochemshwa hubeba vipande vya utando, kwa hiyo hudai mwosho mmoja zaidi.

Baada ya hapo ikande kwa mwiko uliolowekwa kwenye maji baridi, ukiibana pembeni mwa bakuli hadi tone la mwisho litoke. Usikande kwa mkono mtupu, joto lake linaiyeyusha. Chumvi ije mwisho: kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa gramu 250. Ifunge vizuri, kwa kuwa siagi hunyonya harufu ya samaki na vitunguu. Hudumu wiki mbili kwenye friji.

Sina friji. Na mtindi unaobaki nifanyie nini? – Msomaji, Singida

Igeuze iwe samli siku ile ile, bila kuitia chumvi. Weka siagi kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Itatoa povu, kisha italia kama inayokaangwa, hayo ni maji yanatoka. Ikinyamaza, na machicha ya chini yakawa rangi ya udongo mwekundu, epua papo hapo, dakika moja zaidi inayaunguza. Chuja kwa kitambaa safi kikavu, tia kwenye chupa kavu kabisa. Robo kilo ya siagi hutoa kama gramu 180 hadi 200, na samli isiyo na tone la maji hukaa miezi kabatini.

Mtindi ukandie unga wa chapati au maandazi badala ya maji, au utie kwenye uji. Uutumie siku hiyo hiyo.