Nilisingizia miembe, kumbe ni fagio

Kila Agosti, hapa Tabora, pua yangu hufungua msimu. Alfajiri chafya saba, nane, mfululizo. Kamasi jepesi kama maji, macho yanawasha, kaakaa nalo linawasha hadi nalikuna kwa ulimi. Miaka mitatu nilijitibia mafua, nikameza antibayotiki za duka la dawa bila nafuu yoyote. Kumbe mafua ya kawaida hudumu wiki moja, siku kumi hivi. Yangu yalikwenda mpaka mvua za Novemba, bila homa hata siku moja. Huo ni mzio, yaani aleji.

Nilipotafuta mtandaoni nikakuta Septemba ya Marekani: chavua, yaani unga wa maua, ya gugu liitwalo ragweed, na ukungu wa majani yanayooza. Nikatazama uwanja wangu. Majani makavu, ukiyakanyaga yanalia kama krispi. Hapakuwa na kitu cha kuoza.

Jirani yangu alikuwa na jibu lake: maua ya miembe. Na miembe ndiyo Tabora yenyewe. Nikaamini, nikawa naikata jicho. Lakini chavua ya mwembe inanata, na hubebwa na nzi na wadudu wengine kuliko upepo. Harufu yake inaweza kuikera pua, sikatai, ila mimi nilipiga chafya hata maua yalipokwisha kuwa embe changa.

Jumapili ndiyo iliyonizindua. Siku hiyo tunawahi misa ya kwanza, uwanja haufagiwi mpaka mchana, na mimi naamka mzima. Siku nyingine zote, saa kumi na mbili asubuhi, binti anafagia kwa chelewa chini ya dirisha langu. Nilipangusa ukingo wa dirisha kwa kitambaa cheupe, kikatoka na vumbi la rangi ya chai ya maziwa. Na kitanda changu kiko hapo hapo.

Sasa uwanja unanyunyiziwa kwanza. Maji ya kiangazi yana bei, kwa hiyo tunatumia yaliyosuuzia nguo. Ndani tunadeki. Mashuka yanafuliwa kila wiki kwa maji ya moto. Chandarua chenye dawa hapana, kukifua mara kwa mara kunaiondoa dawa, hivyo kinakung'utwa nje na mtu mwingine. Kwenye bodaboda najifunga mtandio puani. Siku watu wanapochoma mashamba, moshi unanishinda.

Dawa? Kidonge cha mzio, setirizini, usiku. Klorofeniramini, nayo ya mzio, ilinilaza kazini mchana kweupe. Matone ya kuzibua pua usiyazidishe siku tano, pua huyazoea ikaziba zaidi ya mwanzo. Na kifua kikibana au kupiga filimbi, nenda hospitali, huenda ni pumu.

Binti analalamika kwamba nimemwongezea kazi. Ni kweli. Jumamosi nafagia mwenyewe, uso nimeufunga kama mchimba dhahabu wa Nzega.