Wanaochimba vishimo migombani wanatafuta nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Huku kwetu Kibosho barabara inapanuliwa, na mtaro mkubwa wa maji ya mvua utapita kando ya kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo. Kabla hata greda halijafika, walikuja vijana na mwenyekiti wa kitongoji, wakachimba vishimo, wakachekecha udongo, wakaokota vigae, wakafukia, wakaenda zao. Jirani anasema wanatafuta mali alizofukia Mjerumani. Baba Ndesi anataka tudai chetu. Ni kweli? Na mfongo wa babu, yaani mfereji wetu wa maji, je? Na masale yetu, ile mimea ya kihambani?
Mama Ndesi, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie Baba Ndesi atulie. Mali za Mjerumani nimezisikia tangu nikiwa kijana wa kushika chekeche, na wapo waliobomoa msingi wa nyumba zao wenyewe wakizisaka. Kichekesho ni kwamba hata wangeokota rupia ya Mjerumani, isingehesabika. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inatazama vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na rupia hizo zilianza kutolewa 1890.

Hao ni wenzangu wa mambo ya kale, na wanatafuta vigae vya vyungu vyenye michoro shingoni, mavi ya chuma (mabaki ya kuyeyusha chuma), vibakuli vya mawe, na vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, ambalo wa kale walichongea visu. Hakuna cha kuuza hapo. Kishimo hushushwa kidogo kidogo, kila kina kinapimwa, na kilichotoka humo kinaingia mfuko wake wenye lebo. Kigae kisichojulikana kilitoka kina gani, karibu na mkaa au mfupa gani, hakitusimulii mengi tena. Ndiyo maana kazi hii hufanywa mapema, ndani ya tathmini ya athari kwa mazingira. Na mradi ukiwa wa mkopo wa Benki ya Dunia, benki nayo inataka urithi wa wenyeji uangaliwe. Kinachoniudhi ni kuitwa wakati vigingi vimeshapigwa na hakuna anayetaka kuusogeza mtaro hata hatua mbili.

Sasa masale. Zamani Wachagga walihifadhi mafuvu ya wazee chini ya sale kihambani. Mgeni akipita ataona mimea tu. Semeni nyinyi yalipo, na mwenyekiti aandike. Makaburi yana sheria yake ya 1969. Hayahamishwi kimyakimya, wala gharama si yenu.

Mfongo ni mgumu zaidi, maana maji bado yanatembea na hakuna aliyeandika ulichimbwa lini. Kule Engaruka, Monduli, mifereji ya kale ya mawe inaheshimiwa kwa kuwa imekauka. Wenu unaonekana mtaro wa kawaida! Wapelekeni hadi kwenye banio, pale maji yanapochepushwa, muwaonyeshe unapoanzia na nani wanaunywa, kisha mdai kalvati pale mtaro utakapoukata. Hilo liingie kwenye ripoti, maana maneno ya mdomo mkandarasi huyasahau.

Kijiko kikianza kazi na kikaibua chungu au mifupa, mwombeni dereva asimame. Msikioshe wala kukipeleka ndani. Lazeni jembe pembeni ili ukubwa uonekane, pigeni picha kwa simu, mumpelekee mtendaji siku hiyohiyo. Kuripoti ni wajibu wa aliyekiona, hata kama ni mtoto wa shule.